Si Mlango wa Mbele

Jumamosi hiyo nilikuwa jikoni nikitayarisha somo kuhusu Kriol, lugha ya watu wa kaskazini mwa Australia. Nafundisha isimu chuoni hapa Johannesburg, na nilitaka wanafunzi waone jinsi tahajia ya Kriol inavyofanya kazi. Maneno yake mengi yametoka kwenye Kiingereza, lakini hayaandikwi kama Kiingereza. Moto ni faya, nyumba ni haus; sikio ndilo linaloongoza mkono. Nyoka kwa wengine ni sineik, kwa wengine jineik, na hakuna aliyekosea, maana watu hawalitamki namna moja. Mambo hayo yalinifurahisha.

Binti yangu alikuwa Jeppestown, amekwenda kuchukua sare ya kwaya kwa fundi wetu wa nguo, mama wa Kirundi mwenye cherehani katika chumba kilichopakana na ghala la vitambaa. Alikuwa na miaka kumi na sita. Amezaliwa hapa hapa. Kiswahili anakielewa, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Hakuwahi kuniandikia hata neno moja la Kiswahili.

Simu ikatetemeka mezani.

“Ma. Wana voonja madooka. Tooko depo na anti. Oosipeege.”

Nilitambua “Ma” tu. Nikadhani simu yake imeibwa, nikampigia. Iliita mara moja, na huku inaita midomo yangu ikawa inalitamka lile neno la mwisho, herufi kwa herufi. Usipige. Nikakata. Nikaganda na simu mkononi, nikiwaza nani mwingine amesikia mlio ule.

Nikausoma ujumbe wote kwa sauti, kama anayesoma Kiingereza. Wanavunja maduka. Tuko depo na anti. Depo ndivyo fundi, ambaye binti yangu humwita anti, alivyoliita lile ghala, na wanaovunja maduka huwatafuta wageni kama sisi.

Mume wangu alikuwa safarini. Nikamkimbilia jirani yetu, Mkongomani mwenye gari dogo la mizigo, ambaye Kizulu chake ni kizuri kuliko changu. Hakuuliza mengi. Alichukua funguo tu.

“Usilie kwanza, mama,” aliniambia njiani. “Wewe soma. Miye naendesha.”

Tulikuwa tumesimama kwenye robot, kama waitavyo hapa taa za barabarani, ikiwa nyekundu, ulipoingia ujumbe mwingine: “Moolango ya blue. See ya bele.”

“Anasema mlango wa bluu,” nikamwambia. “Tutazame ule wa mbele.”

Akakata kona. Moshi wa matairi ulikuwa umeujaza mtaa. Wanaume wenye marungu walikuwa wakiupiga mateke mlango mkubwa wa bluu wa ghala lile lile. Jirani akafunga breki.

“Soma tena. Soma vile ameandika.”

Nikamsomea. “Mulango ya bluu. Sii ya bele.”

“Si ya mbele!” akasema, macho yakiwa barabarani. “Anakukataza, mama! Si ya mbele!”

Mimi nilikuwa nimeliona neno la Kiingereza, see, la kutazama. Yeye hakuona herufi, alisikia tu.

Alianza kurudi nyuma taratibu. Mwanamume mmoja akapiga boneti kwa kiganja, akainama dirishani, akauliza jambo kwa Kizulu. Jirani akajibu, hata akacheka kidogo. Mimi nilifumba mdomo, kwani lafudhi yangu ingetuuza. Yule mtu alinitazama muda ambao siwezi kuupima, kisha akaita wenzake na kuondoka.

Tulizunguka hadi kichochoroni. Pale palikuwa na mlango mdogo wa bluu, rangi imebanduka. Sikuthubutu kubisha. Nikaandika kwa tahajia yake, kwa hofu kwamba yangu angeisoma vibaya: “Nee mimi. Foongoowa.”

Upande wa pili kioo kikavunjika, watu wakashangilia. Kisha komeo likasogea.

Fundi ndiye aliyetoka kwanza, mkasi mkubwa mkononi, binti yangu akiwa ameng'ang'ania sketi yake. Tuliwalaza nyuma ya gari, tukawafunika turubai. Njia nzima nilimsikia fundi akimwambia mwanangu, “Nyamaza, mwana wangu, tumeisha toka.”

Jioni nilimwuliza kwa nini hakuniandikia Kiingereza.

“Anti alikuwa ananinong'oneza sikioni,” akajibu, kwa Kiingereza chake cha kila siku. “Maneno mengine hata sikuyajua. Niliogopa nikianza kutafsiri nitakosea, tutakufa.”

Fundi alikaa kwetu mpaka akapata nafasi kwa mwenzake anayeshona Yeoville. Cherehani yake hatukuiona tena; aliporudi na jirani kuitafuta, walikuta chumba kitupu na uzi umetapakaa sakafuni. Hakulia. Alichukua kibao alichokuwa akikalia, akasema twende.

Siku hizi binti yangu huniomba twende kumsalimia. Huwa tunatembea kwa miguu kwenye barabara moja ya Yeoville yenye saluni nyingi, watu wakiitana kwa lugha zote. Pikipiki ikitoa mlio kama mlipuko, namshika mkono kama mtoto wa chekechea. Ni msichana mkubwa, amenipita kimo. Hautoi mkono wake.