Bega la Kushoto

Fundi Jicho hakuvaa futi shingoni kama mafundi wengine wa nguo. Alikuwa nayo, ila ilikaa kwenye droo pamoja na vifungo vilivyopoteza wenzake, na aliitoa pale tu mteja mgeni alipoanza kuguna. Wewe ungeingia, ukasimama mlangoni ukitafuta pa kuegemeza mwavuli, naye angekutazama mara moja tu, utosini hadi unyayoni, kisha akainamia daftari na kuandika: kifua, kiuno, mkono, urefu. Suti ikija, imekukaa utadhani ulizaliwa nayo. Ndiyo maana wakamwita Jicho, na jina likamkolea hata mkewe akalitumia, hasa akiwa amekasirika.

Jicho hilo lilikuwa kali kwa kila mtu isipokuwa mwenyewe. Lakini nyani haoni kundule, na tusimlaumu peke yake kwa ugonjwa tulio nao wote.

Kitu kimoja alichokosa ni utulivu. Dukani alikuwa na redio mbili, moja ikilala nyingine inaamka. Akimaliza pindo la suruali anainuka, anasogeza pasi, anairudisha, anafagia vipande vya uzi ambavyo alikuwa ameshavifagia. Chakula alikula amesimama. Mkewe alishazoea kuzungumza na mgongo wake.

Mteja wake mmoja alikuwa mshauri nasaha wa hospitali, mama mrefu aliyeshonesha sketi za rangi ile ile kila mwaka. Siku moja alikaa kwenye kiti cha wateja akisubiri zipu, akamwangalia fundi anavyozunguka.

"Fundi, hivi wewe huwa unakaa kimya lini?"

"Nikifa."

"Ukikaa kimya unasikia nini?"

"Mama, mimi ndani yangu kuna ini, figo na chai ya asubuhi. Hakuna anayeongea humo."

"Na usiku? Unaota?"

Fundi alitaka kumjibu kwa utani mwingine. Badala yake, na mpaka leo hajui kwa nini, alimwambia kweli. "Naota nakata kitambaa ambacho hakiishi. Nyuma yangu kuna mtu anakohoa. Nikitaka kugeuka, shingo inagoma."

"Ni nani?"

"Ningemjua ningemfukuza."

"Ndiyo maana haondoki," mama alisema. "Mtu wa ndotoni mara nyingi ni kipande chako mwenyewe ulichokikata ukakitupa. Nunua daftari. Asubuhi, kabla hujafungua duka, muulize anataka nini. Andika swali, halafu uache mkono uandike jibu, hata kama ni la kipuuzi."

"Sasa huo si uganga?"

"Mganga angekwambia nani kakuroga. Mimi nakutaka ujiulize mwenyewe. Zipu tayari?"

Daftari alilinunua kwa kebehi, ili mama yule akija tena amwonyeshe kurasa tupu. Lakini asubuhi ya tatu, duka bado limefungwa, aliandika: *Unataka nini?* Akashika kalamu, akangoja. Mkono ukaandika: *Zima redio.* Aliudhika kweli, akalifunga daftari na kulikalia.

Kesho yake aliuliza tena. *Geuka.* Na kesho yake tena: *Geuka.* Watu husema mtu akijichunguza nafsi atapata amani. Labda wapo wanaoipata. Huyu wetu akawa kama aliyekalia siafu. Alivunja sindano nne kwa wiki moja. Alilipiga pasi shati moja mara mbili. Alianza kwenda na kurudi uani akihesabu hatua, na mkewe akamuuliza kama kuna kitu amedondosha.

Basi, katika hali hiyo ndipo harusi ilipoingia. Mtoto wao wa kiume, aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine, alikuwa anaoa Jumamosi. Alikuwa ameomba vitu viwili tu: suti iliyoshonwa na baba yake, na baba yake mkubwa awepo.

Suti, hilo halikuwa neno. La baba mkubwa lilileta moto. Kaka yake Jicho aliishi mtaa wa tatu kutoka hapo, akisoma mita za maji nyumba kwa nyumba, na ndugu hawa hawakuwa wamesemezana miaka kumi na moja. Kisa chake kilijulikana kwa kila mtu, na hakuna aliyekielewa. Jicho alisema kaka yake alimtukana kwenye msiba wa baba yao. Ukimuuliza alitukanwa tusi gani, alijibu kwamba matusi hayarudiwi. Waliokuwepo msibani walijikuna vichwa. Hawakukumbuka tusi lolote.

"Baba, ni siku moja tu," kijana aliomba kwenye simu. "Nani atasimama nami upande wa ukoo?"

"Akiingia kwa mlango huu, mimi natoka kwa ule. Chagua."

Kijana hakuchagua. Alisema kwa sauti ndogo kwamba bila baba mkubwa heri waandikishe ndoa ofisini na kila mtu arudi kwake. Hilo likamchoma mama yake, aliyekuwa ameingoja siku hiyo tangu mtoto yuko mgongoni.

Jicho akajitupa kwenye kazi. Kitambaa cha kijivu kizito, bitana ya hariri. Hakumpima mtoto, amlee miaka ishirini na saba halafu ampime? Alikata kwa kichwa. Na alikata vizuri, mikono ikienda yenyewe, redio zote mbili zinapiga kelele. Kwa siku mbili nzima alisahau hata kuzunguka.

Alhamisi mchana kijana akafika, akavaa koti mbele ya kioo cha sebuleni. Mama mtu akakunja mikono kifuani, tayari kulia kwa furaha. Hakulia.

Upande wa kulia koti lilikaa sawasawa. Upande wa kushoto bega lilivimba kama limefichwa andazi. Kijana akajinyoosha, akajishusha, akajitazama tena.

"Baba, pedi za mabega humu hazilingani. Kushoto ni nene. Mimi bega langu halijashuka."

"Kioo kimepinda," Jicho alisema.

"Kioo hakijapinda, Jicho," mkewe alisema. Alisogea, akaligusa lile bega kwa vidole viwili, taratibu. "Hili bega nalijua. Na wewe unalijua. Koti hili si la mwanao."

Katika ukoo mzima ni mtu mmoja tu aliyekuwa na bega la kushoto lililoshuka. Fundi yeyote anayemshonea mtu wa namna hiyo huongeza pedi upande ulioshuka ili mabega yalingane. Jicho hakuwahi kumshonea kaka yake hata leso. Lakini kila kipimo, mkono, kifua, hata mgongo uliopinda kidogo, kilikuwa chake.

"Nitalifumua," alisema.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mume wangu," mkewe alimjibu. "Fumua tu. Kesho utashona lile lile."

Alilibeba koti mpaka dukani, akalilaza mezani, akachukua wembe wa kufumulia. Hakuweza. Alizima redio ya kwanza. Akaizima na ya pili. Kimya kilichoingia kilimtisha. Alisikia saa ya ukutani ambayo alidhani imekufa. Akafungua daftari, akaandika kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa karatasi: *Wewe ni nani? Unataka nini?*

Mkono ukaandika neno moja. *Ngazi.*

Akatupa kalamu. Lakini shingo ilikuwa imeshageuka.

Alikuwa na miaka kumi, kaka yake kumi na mitatu. Baba yao naye alikuwa fundi wa nguo, na asubuhi ile alikuwa amemkabidhi mkubwa mkasi wake mzito wenye mpini mweusi, akasema mbele ya wote kwamba huyu ndiye atakayeirithi meza. Mdogo alicheka na wenzake, akapiga makofi. Mchana mpira ukanasa juu ya paa. Kaka akapanda ngazi uani, mdogo akashika chini. Akatazama juu, akaona nyayo za kaka yake kwenye kipandio cha mwisho. Akaachia. Mikono yote miwili. Alitaka aogope tu.

Bega lilivunjika, likaungwa vibaya. Mkono ule haukuweza tena kuinuliwa mezani kutwa nzima, na mkasi ukahamia kwa mdogo. Aliposema ngazi imeteleza, hakuna aliyemuuliza mara ya pili. Aliyasema hayo mara nyingi hata akayaamini, au tuseme aliyashonea bitana.

Na msibani? Kaka yake alikuwa juu ya ngazi anafunga kamba ya turubai, yeye yuko chini ameshika. Kaka akainama akasema, watu wote wanasikia: "Safari hii shika vizuri, mdogo wangu." Akacheka. Hilo ndilo tusi. Jicho alimrushia maneno ambayo hata mimi sitayaandika hapa, akaondoka kabla kaburi halijafukiwa.

Ijumaa asubuhi hakufungua duka. Alilikunja koti kwenye mfuko, akapita mitaa mitatu kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa, akapita mlango wa kaka yake mara mbili bila kubisha. Mara ya tatu shemeji yake akafungua kabla hajagonga.

"Shemeji! Kumbe njia unaijua."

Kaka yake alikuwa chumbani kwa mbele, anapiga pasi shati la kazi kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeegemea meza. Mvi zilikuwa zimemjaa. Hawakusalimiana.

"Kaa," kaka alisema mwishowe.

"Siwezi kukaa." Akalitoa koti. "Vaa."

Kaka alimtazama, akatazama koti, akavaa. Alikwenda kwenye kioo cha mlango wa kabati. Mabega yake yalikuwa sawa. Aligeuka upande mmoja, akageuka wa pili, akaligusa bega la kushoto kama linaweza kumtoroka.

"Ulinipima lini?"

"Sikukupima." Jicho alikuwa anakwenda na kurudi kati ya kiti na dirisha. "Kaka, ngazi haikuteleza."

"Ngazi gani?"

Aliuliza kweli. Jicho akasimama. Usiku kucha alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo.

"Ile ya uani. Ya mpira."

"Iliteleza. Sakafu ilikuwa imemwagiwa maji."

"Ilikuwa kavu. Niliiachia. Baba alikuwa amekupa mkasi, nikaiachia."

Pasi ilikuwa bado juu ya shati. Shemeji yake akaingia, akaiinua, akatoka nayo. Shati lilikuwa limeungua alama ya kahawia mgongoni.

"Msibani nilidhani unajua," Jicho alisema. "Nilidhani unanisema mbele za watu."

"Mimi?" Kaka yake alikaa polepole kitandani, koti mwilini. "Ulikuwa umelia mpaka huoni mbele. Nilitaka ucheke. Nilikuwa nakutania ucheke tu, mdogo wangu."

Halafu akasema, "Nenda nje kidogo."

Jicho akatoka ukumbini. Alitembea mpaka ngazi za saruji, akarudi, akatembea tena. Ndani hakukusikika kitu. Alijua kwamba alikuwa amemletea mtu jeraha jipya, baya kuliko la kwanza, maana la kwanza mwenyewe alikuwa amekwisha kulisamehe kwa sakafu yenye maji. Alitamani redio yoyote, ya mtu yeyote. Alitamani kukimbia. Akaendelea kutembea, lakini hakuondoka.

Mlango ulipofunguka, kaka yake alikuwa bado amelivaa koti. Macho yalikuwa mekundu.

"Mkono wa kulia umezidi," alisema.

Jicho aliinua macho apime. Hakuona kitu, yalikuwa yamejaa machozi, koti na mwenye koti vimekuwa ukungu mmoja. Alipapasa mfukoni, na futi, kama kawaida, ilikuwa dukani kwenye droo. Ilibidi amshike kaka yake, aanzie begani, ateremke shibiri kwa shibiri hadi kifundoni, akakosea na kuanza upya.

"Na kijana atavaa nini kesho?" kaka aliuliza, akitazama ukuta.

"Nitashona leo. Nitampima."

Kaka yake alinyoosha mkono vizuri zaidi.

"Anza tena," alisema, na hakuwa anatania. "Safari hii pima vizuri."