Nilisoma digrii mseto ya sayansi nikaenda field Mikumi: kilichonikuta na nilipo leo

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Kwetu ni Chanzuru, Kilosa. Form six nilisoma CBG, yaani kemia, baiolojia na jiografia, nikafaulu vizuri. Nyumbani walitegemea nichague ualimu au afya. Mimi nikaona kozi moja mtandaoni: ikolojia, takwimu, jiografia na sayansi ya jamii, zote ndani ya digrii moja. Nikaipenda palepale.

Baba ni mkulima. Aliniuliza swali moja tu, "Ukimaliza utaajiriwa kama nani?"

Nikamwambia hii inafungua milango yote. Hakubisha.

Masomo yalikuwa matamu, sitadanganya. Shida hatukuwa na idara ya kwetu. Kwenye takwimu tulikuwa wageni, kwenye baiolojia wageni. Hata kwenye mahafali tulikalishwa pamoja na watu wa idara nyingine.

Mwaka wa mwisho nikaenda field Mikumi, kwenye kijiji kinachopakana na hifadhi, kuhoji wakulima kuhusu tembo wanaoingia mashambani. Huko nikakutana na mama mmoja, tumwite Mama Neema. Mume wake aliuawa na tembo akiwafukuza kwenye mahindi.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Alijibu maswali yangu yote huku akipepeta mchele. Mwisho akauliza yeye, "Mwanangu, haya ukishayapeleka, tembo hawatakuja tena?"

Nikamjibu maneno ya darasani, kwamba utafiti utasaidia wenye mamlaka kupanga. Akaendelea kupepeta mchele wake.

Utafiti ule ulinipa A. Sikuifurahia.

Baada ya kuhitimu ndipo nikaelewa swali la baba. Matangazo yanataka mtakwimu, afisa wanyamapori, afisa mazingira. Kwenye mfumo wa maombi ya kazi jina la kozi yangu halimo. Interview moja niliyoitwa, mzee wa jopo aliniuliza, "Kijana, wewe hasa ni mtu wa nini?" Nilieleza mpaka nikachoka mwenyewe.

Sasa nafundisha tuition hapa Kilosa.

Mwaka huu nikaona angalau nimpelekee Mama Neema majibu. Nikaambiwa kahamia Munisagara kwa kaka yake. Nikamfuata. Nikamweleza tembo wanapita wapi na wanakuja miezi gani.

"Shamba letu limo?"

"Limo, mama. Mlikuwa mmelima juu ya njia yao ya zamani ya kwenda kwenye maji."

"Marehemu alikufa akiamini tumerogwa," akasema. "Tulimsingizia wifi yangu, dada yake, kwamba ndiye anayetutumia tembo. Hata msibani tulimfukuza."

Akaniomba nimsindikize. Kesho yake tukaenda Mikumi kwa huyo wifi. Tulipiga hodi tukasikia redio ikizimwa ndani. Mama Neema akasema yote pale mlangoni, kwa sauti, akaomba radhi. Hakuna aliyefungua.

Tukarudi stendi. Wakati wa kupanda basi akanishika mkono, akasema, "Ungekuja mapema, mwanangu."

Wadogo zangu mnaochagua vyuo, kabla hamjaipenda kozi ulizeni nani anaajiri watu wake. Na ukihoji watu, warudishie majibu hata kama hujalipwa. Kama ningechagua upya ningechagua nini, kusema kweli sijui.

Mliosoma kozi za namna hii, nyie mmetokaje? Semeni hapa, nasoma kila mchango.