Meno Yana Fizikia Gani?

Baba alichinja beberu siku matokeo yalipotoka, hata sijamaliza kuyasoma. Alisikia "division one" akakimbilia zizini. Kwetu Misungwi mtu haulizwi kapata nini katika somo gani. Anaulizwa division tu, na ikiwa ya kwanza basi tayari ni daktari. Jioni uwanja ulijaa majirani wananiita dokta huku mchuzi ukiwachuruzika vidoleni.

Mimi nilikuwa natazama simu. Baiolojia A, kemia B, fizikia E. Jumla yake ndiyo iliyonipa division one, lakini ile E ilinifungia mlango, kwa sababu udaktari wa meno hautazami jumla peke yake. Unataka angalau D katika kila somo kati ya hayo matatu. Nikamvuta baba nyuma ya nyumba.

"Hawatanichukua, baba."

"Na division one yote hiyo?"

"Wanaangalia fizikia."

Alifuta kisu kwenye suruali, akafikiri. "Meno yana fizikia gani?"

 Leo jibu ninalo, maana picha ya eksirei ni fizikia na koleo la kung'olea ni fizikia. Lakini hata leo nakataa kwamba herufi moja ilitosha kusema mimi ni nani.

Shangazi yangu anayeishi mjini, Pasiansi, aliniita kwake. "Mwanangu, acha ubishi. Ualimu wa sayansi watakupokea hata kesho. Riziki haivutwi kwa kamba." Nilimshukuru kwa heshima zote, nikala ugali na sato wake mpaka nikashiba, nikakataa.

Sikutaka meno kwa sababu ya koti jeupe. Mdogo wangu wa kike, alipokuwa mchanga, alishikwa na homa na kuharisha, wakasema ana meno ya plastiki, eti ndiyo yanayoleta homa. Bibi mmoja pale kijijini akamchokonoa ufizi kwa spoki ya baiskeli. Walichotoa hakikuwa plastiki, yalikuwa meno yake mwenyewe, machanga, hayajaota. Chonge zake hazikuota vizuri hata alipokua, na mpaka leo akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Nilikuwa mlangoni siku ile. Hasira yangu haijapoa, wala sitaki ipoe.

Basi nikajiandikisha kurudia fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikasomea nyumbani. Majirani walewale waliokula beberu wakaanza kuniita Dokta E. Nyama yetu walikuwa wameshaimeza, ningewafanya nini?

Asubuhi moja jirani yetu alipita na mwanawe mgongoni, mtoto anachemka kwa homa. Nikamuuliza anakwenda wapi. Kwa yule bibi, akasema, ufizi wa mtoto umevimba. Nikasimama njiani.

"Hayo ni meno yake, mama. Mpeleke zahanati."

"Wewe si fizikia ilikushinda?"

"Ilinishinda. Ila huyu ana homa."

Akanipita. Nakiri iliniuma, kwa sababu kweli sikuwa na cheti cha kumwonyesha. Ndipo mdogo wangu, aliyekuwa anafagia uwanja, akatupa ufagio akamkimbilia na kumshika mkono. Yeye ambaye hata kupigwa picha hukataa alitoa kiganja mdomoni, akaachama mbele ya yule mama, palepale barabarani.

"Tazama, mama. Mimi walinipeleka."

Yule mama alisogea akazichungulia zile chonge. Kisha akafunga kanga yake vizuri, tukaenda zahanati sote watatu, mtoto mgongoni. Wakakuta malaria.

Mwezi wa tano nilifanya tena mtihani wa fizikia, nikapata C. Jirani mmoja akaja mbio kumuuliza baba safari hii ni division ngapi. Baba hakugusa kisu.

"Division muulize mwanao," alisema. "Wangu ana C ya fizikia."

Beberu wa pili alichinjwa siku chuo kiliponichukua, si kabla. Yule mama alikuja na mwanawe, nikampa mtoto kipande cha mnofu, naye akaking'ang'ania kwa meno kama anagombana nacho. Nilimfungua mdomo nikachungulia. Chonge zote nne zilikuwapo.