Siku Nilipomwonea Haya Mkwe Wangu Akiwa Juu ya Ngazi

Nimekaa na hii aibu muda wa kutosha, na kwa kuwa mke wangu Neema ameshawasimulia mashoga zake kwa namna anayoitaka yeye, bora niwaambieni mwenyewe, maana mimi angalau nitasema nilipokosea na sitatia chumvi (nitatia kidogo tu).

Mimi ni fundi wa redio na mitandao hapa Masasi mjini, mnanijua. Mama mkwe wangu, Mama Neema, ni mkuu wa sekondari moja huko Chilangala, upande wa Newala, shule ambayo watoto wa kidato cha nne walikuwa wamemaliza miaka miwili bila mwalimu wa fizikia, hata wa kuazima. Mwalimu mmoja wa Newala mjini alikubali kuwafundisha kwa picha ya moja kwa moja, ila mtandao wa simu pale shuleni ni mpaka upande kichuguu ndio uupate, kwa hiyo Mama Neema akahangaika huku na huku mpaka akapata madishi mawili madogo, yale ya kurushiana mtandao, moja likae Newala na jingine shuleni, yatazamane. Kazi akanipa mimi. (Huyu mama hajawahi kusema kwamba binti yake aliolewa na mtu asiye na cheti, lakini hajawahi kusema kwamba hajali pia.) Nikajisemea, hapa ndipo nitakapoonekana mtu.

Madishi hayo lazima yaelekezane sawasawa. Mmoja anageuza la kwake polepole, mwenzake anasoma nguvu ya mawimbi kwenye kompyuta, na namba yenyewe ni ya hasi, kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri, kwa hiyo hasi sitini ni raha tupu, hasi themanini ni mgonjwa. Mwenzangu Saidi ndiye alitakiwa awe shuleni, asubuhi hiyo akapata msiba kwao Lisekese, na mimi nimeshapanda juu ya bati Newala, dishi langu nimeshalifunga, baridi ile ya Newala inanipiga, mguu mmoja hautulii na wa pili ndio kabisa. Nikampigia Mama Neema nimwombe tuahirishe.

"Tusiahirishe, baba," akasema. "Nitapanda mwenyewe."

Akapanda. Ngazi ya tangi la maji, palipofungwa dishi, mkuu wa shule mzima, eti vijana watalivunja hilo dishi. Akaniambia, "Nimeshalishika, niambie."

Hapo sasa. Kwetu mkwe humtazami machoni, huketi naye mkeka mmoja, na kumwamrisha ndio usiseme, mimi tangu nioe sijawahi hata kumwambia nisogezee chumvi. Saidi ningemwambia kulia, kulia, simama, tukamaliza kabla chai haijapoa. Kwa mama nikawa nasema, "Samahani sana mama, kama hutachoka, naomba ulisogeze kidogo tu upande wa kulia, ukipenda," na kabla sijafika kwenye hiyo ukipenda, namba imetoka hasi themanini na nane, imepita sabini, imegusa sitini na moja na imesharudi themanini na kitu. "Naomba radhi mama, nadhani tumepita." Akauliza arudi wapi. "Ulikotoka mama, kama hutajali." Tukapita tena. Mara nne tumepita, na mimi nazunguka juu ya bati na simu sikioni mpaka mlinzi wa lile jengo akanipigia kelele kwamba nitalitoboa.

Mara ya tano nikamsikia anahema. Mama wa miaka hamsini na kitu, juu ya ngazi, kwenye upepo. Namba inasoma hasi themanini na moja.

"Imefika?" akauliza.

"Imefika, mama," nikasema.

Ndio hilo tu. Neno moja dogo, la heshima. Akakaza nati akashuka, picha tukaijaribu ikapita kwa kukwamakwama, na kwenye karatasi ya makabidhiano nikaandika hasi sitini na moja kwa mwandiko mzuri kabisa (si iliigusa?). Nilipanga niende shuleni kesho yake kimyakimya niirekebishe, kesho nikaitwa Lukuledi, keshokutwa hivi na vile, na wiki nzima kila simu ikiita roho inanipaa.

Siku ya somo la kwanza wakaja wazazi, ikaja bodi ya shule, viti vikapangwa mpaka nje. Ukungu ulikuwa umeshuka tangu alfajiri, kila jani linadondosha maji. Mwalimu akatokea ukutani kwa projekta, akasema "Habari za asubuhi, wana—" akaganda, mdomo wazi. Akarudi, akaganda tena. Watoto wakaanza kucheka, Mama Neema akanigeukia, nami badala ya kusema kweli nikanyoosha kidole dirishani.

"Ni ule mkorosho," nikasema. "Unaziba."

Mkorosho ule ni wa Bibi Somoe, mjane, shamba lake limepakana na uzio wa shule, na ulikuwa umechanua maua tele. Ninyi mnajua maana ya kukata tawi lenye maua msimu ule. Bibi Somoe mwenyewe alikuwa amekaa palepale miongoni mwa wazazi. Akaniangalia, akawaangalia watoto.

"Kama ni kwa ajili ya watoto, kateni," akasema.

Panga likaletwa. Nilisimama pale nikisikia kila pigo, nataka kusema acheni, ulimi hautaki, mpaka tawi likalala chini na maua yake. Tukarudi ndani, mwalimu bado ameganda.

Kompyuta yangu ilikuwa wazi juu ya meza, na binti mmoja wa dawati la mbele, Fadhila, alikuwa akiitazama, akatazama na karatasi ya makabidhiano iliyobandikwa ukutani. Akanyoosha mkono kwa adabu zote.

"Samahani fundi, karatasi inasema hasi sitini na moja, mashine inasema hasi themanini na moja. Ipi ni ya kweli?"

Mama Neema akasogea mpaka mezani.

"Nilipokuwa juu ya ngazi ilikuwa ngapi, baba?"

"Themanini na moja, mama."

"Kwa nini hukuniambia?"

Ningekuwa na uongo mwingine ningeutumia, ila ulikuwa umeniishia. "Niliona haya kukuamrisha, mama."

Watu walicheka jamani, wazee walishikana mabega, mjumbe wa bodi akavua miwani ajifute machozi. Nikakimbilia ngazi nipande mwenyewe, mama akanitangulia.

"Wewe kaa na namba zako," akasema, anajifunga khanga kiunoni. "Na leo uniamrishe."

Basi nikasimama mlangoni, kompyuta mkononi, shule nzima na wazazi wananisikiliza, nikampigia mkwe wangu kelele. Kulia. Kulia tena. Simama. Rudi. Hapo hapo, usiguse. Kila neno lilinitoka kama jino linalong'olewa. Namba ikasimama hasi sitini, haikuchukua hata dakika tano, na mle ndani nikasikia mwalimu anamalizia salamu yake na watoto wanaitikia kwa pamoja.

Nilimfuata Bibi Somoe nimwombe radhi. Hakunigombeza. "Tawi lile ndilo lililokuwa linazaa kuliko yote," akasema, akaendelea kusikiliza somo. Nikatamani angenitukana.

Wakati wa kuondoka Mama Neema alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Nikainamisha macho kama kawaida yangu.

"Nitazame, baba," akasema. Nikamtazama, mara ya kwanza tangu nioe. "Watoto hawa wamekaa miaka miwili wakidanganywa kwamba mwalimu anakuja. Mimi ndiye niliyekuwa nawadanganya, maana ndivyo nilivyokuwa naambiwa na wakubwa. Nilikupa wewe hii kazi kwa sababu nilidhani wewe hutaniambia imefika kama haijafika."

Tangu siku hiyo namba naitaja ilivyo, awe mkwe, awe mkubwa gani, na nikishaitaja ndipo naomba radhi.