Vigoda vya Marehemu

Mume wangu aliacha vigoda vitano. Alivichonga kila kimoja kutoka gogo moja, bila msumari wala gundi, na hata alipokonda hadi tezo ikamshinda kuinua, aliendelea kukaa mlangoni akivisugua kwa mafuta. Ilikuwa miaka ya tisini. Ugonjwa wenyewe hatukuutaja kwa jina. Tulisema tu anaumwa kifua.

Mwezi mmoja baada ya mazishi nilivifunga kamba, nikavipeleka soko la Ndhiwa, mahali pale pale tulipouzia miaka yote. Nilikuwa na watoto wa kulisha na sikuwa na kazi nyingine. Watu walinipa pole. Walikiinua kigoda, wakakigeuza, wakakisifu, kisha wakakirudisha chini taratibu. Hakuna aliyekikalia, na kwetu mtu hanunui kigoda bila kukikalia kwanza.

Siku ya tatu ya soko, mama aliyeuza vyungu kando yangu alinihurumia.

"Mwanangu, unajisumbua bure," akaniambia. "Bado hujarithiwa. Nani atatoa kiti mikononi mwako akampe mume wake? Ataingiza chira nyumbani."

Chira ni ile laana inayomkausha mtu akivunja mwiko. Akaongeza kwamba shemeji yangu yuko tayari, nikubali tu yaishe.

Nilijua yuko tayari. Alikuwa amekwisha kurithi wajane wawili, mmoja wao tulimzika kabla ya mume wangu, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kukohoa. Niliwaka. Nilimtolea yule mama maneno ambayo hayasemwi mbele ya mtu wa umri wake, nikakusanya vitu vyangu. Lakini hasira ilikuwa juu juu tu. Chini yake niliogopa, maana nilijua njaa ikikaa nyumbani wiki mbili zaidi, nitakubali.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Migori, ambako hakuna aliyenijua. Nilivipanga kando ya barabara ya kwenda Isebania. Kufika saa sita, Mkuria mmoja, mtu mzima mwenye kofia, alisimama, akavuta kigoda, akakikalia kwa uzito wake wote. Machozi yalinilenga, nikatazama pembeni.

"Mama, hii kiti imetengenezwa na nani?"

"Bwana yangu."

"Ako wapi? Huyu ni fundi, nataka kumwona."

Nilijua nikisema ukweli atainuka. Labda hata Wakuria wana chira yao.

"Ako nyumbani," nikasema. "Anachonga."

Alikuwa anamwoza binti yake na alikuwa na wazee wa kuketisha, kwa hiyo alichukua vyote vitano. Hata hakubishana sana. Alipokuwa akivifunga kwenye baiskeli akageuka.

"Mwambie anichongee ingine, kubwa kuliko hizi. Nitapita mwezi ujao."

Nikamjibu nitamwambia.

Nilifika nyumbani jua lingali juu. Sikuingia ndani. Nilikwenda moja kwa moja kaburini na kumpa ujumbe wake kama nilivyotumwa: kuna mtu Migori anataka kigoda kingine, kikubwa. Halafu nikabaki nimesimama pale, mtu mzima na akili zangu, nikingoja aniulize kikubwa kiasi gani.