Tufaa la Mamkubwa

Mamkubwa, dada yake mama, aliacha kula mwezi wa Septemba, mwaka niliorudi kwake Walthamstow, huku Uingereza, kwa mara ya tatu. Mara mbili za mwanzo nilikuja nikaondoka bila kuaga vizuri: miezi kadhaa Woolwich, kisha Barking kwenye kochi la rafiki, kazi za kubeba makreti na kuosha vyombo, kazi yoyote yenye jambo nisilolijua. Nikishalijua, miguu inaanza kuniwasha. Safari hii nilirudi kwa sababu alianguka jikoni, na aliyemwinua alikuwa jirani, bibi wa Kiingereza, si mimi.

Nesi alikuwa akija kila Ijumaa kumpima uzito. Siku moja aliniita koridoni, akaniambia kwa upole kwamba Mamkubwa akizidi kupungua watampeleka kwenye nyumba ya wazee, maana hapa hana wa kumtazama. Nikamwambia nipo mimi. Aliliangalia begi langu chini ya kochi, ambalo sikuwa nimelifungua, akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Nikapika uji wa mchele. Nikapika wali wa nazi, na mchuzi wa samaki mwepesi. Mamkubwa alionja kwa ncha ya kijiko, akageukia ukutani. Jumatano nikamuuliza roho yake inataka nini.

"Tufaa," akasema.

Nilitoka chumbani karibu nikimbie. Matufaa si yalikuwa yamejaa nyuma ya nyumba? Mti wa jirani ulikuwa ukiyaangusha upande wetu, makubwa ya kijani, yakiozea kwenye majani makavu. Niliokota ndoo nzima, nikauma moja, likanikunja uso. Jirani aliniona, akanieleza kwamba hayo hayaliwi mabichi. Unayakatakata, unayatia sukari, unayafunika kwa unga uliosuguliwa na siagi, unaoka. Chakula hicho yeye alikiita krambo. Nilimuuliza kwa nini siagi iwe baridi, kwa nini tufaa hili liwe kali na lile tamu, nani aliyeupanda mti, mpaka akachoka nami. Alinisisitizia jambo moja tu: usikande. Sugua kwa ncha za vidole mpaka unga uwe kama mchanga.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mikono yangu ilifundishwa unga na Mamkubwa mwenyewe, baada ya mimi kuacha shule kidato cha pili na kukaa nyumbani nikimsumbua kwa maswali. Kabla sijajitambua nilikuwa nimetia maji, ninakanda, na bakulini mna donge laini la chapati. Nilicheka peke yangu. Kisha nikafungua friji nikakuta siagi imekwisha, na kicheko kikakatika.

Kabatini mlikuwa na kopo lake la samli na iliki kidogo. Nikaanza upya kwa vitu hivyo, nikisugua polepole kama mtu anayezuia mikono isiende ilikozoea. Tanuri lilipowaka vizuri nyumba nzima ilinukia, na nikamsikia akikohoa na kujiinua kitandani.

Nilimpelekea kwenye kibakuli. Akachimba kwa kijiko, akalinusa lile tunda, akanitazama.

"Nini hiki?"

"Tufaa, Mamkubwa. Si ulitaka tufaa?"

"Hili epo," akasema. "Kwani uliacha shule kabla hawajafika kwenye matunda?"

Nikakumbuka, nikaona aibu. Tufaa la kwetu Unguja ni jingine kabisa: jekundu, jeupe ndani, jepesi, limejaa maji na harufu ya waridi. Nimeyala utotoni mpaka tumbo likauma. Lakini miaka ya kuishi na watu wa kila pwani na bara, ambao wengine huliita epo tufaa, ilikuwa imenifutia tofauti hiyo, nami nisijue kwamba imefutika. Nikamwambia nitalitafuta madukani. Akasema nisijisumbue, huku halifiki likiwa na maji yake.

Nilinyoosha mkono nichukue kibakuli. Akakivuta kwake. Alikuwa akizikwangua chenga za juu, akitafuna polepole.

"Hii nankhatai," akasema, zile biskuti za kwetu za samli na iliki. "Imevunjika, lakini nankhatai." Akamaliza zote, akayaacha maepo yamekaa uchi. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Utaondoka lini?"

Nilisema sijui. Lilikuwa jibu la kweli, na sikulipenda nilipolisikia.

Ijumaa nesi aliuliza kama anakula. Nikasema anakula. Alipouliza anakula nini nilisema tufaa, maana maelezo yangekuwa marefu. Akasoma mzani: hajapungua, hajaongezeka. Akasema tutaona wiki ijayo.

Alipotoka nilipima unga na samli, nikasugua tena, safari hii bila matunda. Kabla ya kuwasha tanuri nililisukuma begi ndani zaidi chini ya kochi, kwa mguu. Sikulifungua.