Insha ya Rehema Kuhusu Baba Wawili

Nilipopunguzwa kazi kiwandani, miaka ile ya tisini, sikumwambia mtu nyumbani kwetu Temeke. Kila asubuhi nilivaa sare, nikaaga, nikaenda Mwenge kuwatazama wachonga vinyago mpaka jioni.

Siku moja nikafungua daftari la binti yangu Rehema, wa kidato cha tatu. Alikuwa amelinganisha baba wawili walioachishwa kazi: mmoja aliwaambia wanawe, mwingine alificha. Mwishoni aliandika, "Nimejifunza kwamba aliyeficha naye aliwapenda wanawe, ila aliogopa wasimheshimu."

Nikajiona mle. Mie niliyemaliza kidato cha nne, nikasahau kabisa kwamba shuleni husomwa hadithi. Nikaenda moja kwa moja darasani kwao.

"Mwalimu, mnawafundisha watoto kuanika siri za baba zao? Nani kawaambia nimepunguzwa kazi?"

Mwalimu akainua vitabu viwili.

"Shikamoo, mzee. Baba hao wamo humu."

Nilitamani ardhi inimeze. Rehema akaja akanishika mkono.

"Twende nyumbani, baba. Mama anajua tangu mwezi uliopita. Sare unayompa afue haina grisi."